Lisbon kwa macho ya mtu wa Kilwa: anza na dhahabu, majengo yatafuata

#1 MzaliwaMasoko

Wakuu, salaam.

Kila mtu wa kwetu akipata safari ya Lisbon ananitumia swali lilelile: nina siku mbili tatu, nikaone nini? Badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona nifungue uzi, na wenye kuujua mji waniongezee. Huu ni mwaka wangu wa nne Ureno. Kwetu ni Kilwa Masoko, na mji huu nitauonyesha kama nilivyouona mimi.

Ukifika hapa kila mtu atakusukuma uende Mnara wa Belém. Utakwenda, hakuna tatizo. Lakini asubuhi ya kwanza nenda mtaa wa Janelas Verdes, kwenye Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale. (Usiende Jumatatu, siku hiyo makumbusho mengi ya serikali hufungwa.) Ukiingia uliza ilipo Custódia de Belém. Utaikuta ndani ya kioo: monstransi ya dhahabu, chombo ambacho Wakatoliki huwekea hostia wakati wa kuabudu. Kimo chake ni sentimita 70 na kidogo. Simama hapo. Simu iache mfukoni kwanza.

Katikati wamo Mitume 12, wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia. Ni wadogo kama vidole, lakini kila mmoja ana uso wake na namna yake ya kuinua kichwa, na nguo zao zimetiwa enameli ya rangi. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Juu kabisa yupo Mungu Baba, ameshika dunia mkononi. Kwenye shina kuna tufe sita zilizofumwa kwa pete, alama ya Mfalme Manuel I, na kitako kimejaa maua na ndege. Ukingoni mwa kitako maandishi yanazunguka. Hayo ndiyo yaliyonitoa machozi siku ya kwanza, maana yanasema dhahabu hii ni kodi ya Kilwa.

Ndiyo, Kilwa yetu. Katika safari yake ya kwanza, 1498, Vasco da Gama aliipita. Aliporudi 1502 alitia nanga mbele ya mji na kundi la merikebu zenye mizinga, akamtaka Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kumlipa kila mwaka, la sivyo mji upigwe. Amiri akatoa mithkali 1,500 za dhahabu. Tukichukua mithkali moja kuwa gramu 4 na robo, hizo ni zaidi ya kilo 6. Mzigo ulifika Lisbon 1503, mfalme akamkabidhi sonara wake Gil Vicente, na kazi ikakamilika 1506.

Sasa naingia kazini. Jioni nashusha habari za Belém.

#2 kijana_Kisauni

Nimekaa mkao wa kula, endelea mkuu. Swali moja: Kilwa haina mgodi. Hiyo dhahabu waliitoa wapi?

#3 Mkongwe_Ilala

Mleta uzi, nakuheshimu, lakini nami nilifika makumbusho hayo miaka ya nyuma. Monstransi niliiona, neno Kilwa sikuliona. Una hakika limeandikwa, au ni maelezo ya watembeza wageni? Jambo kama hili lisitiwe chumvi.

#4 MzaliwaMasoko

Mzee wangu Mkongwe, shikamoo. Umeuliza la haki. Jumanne sina kazi, nitarudi na karatasi na penseli ninakili herufi moja moja kama zilivyo, halafu nizilete hapa.

Kisauni, dhahabu ilitoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, kusini ya mto Zambezi. Kilwa iliishika Sofala, kwa hiyo kila jahazi la dhahabu lilipitia mikononi mwake. Ndiyo maana Ibn Battuta alipofika 1331 aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa vilijengwa kwa fedha za biashara hiyo. Sasa fikiria: dhahabu imechimbwa Zimbabwe, imepimwa Kilwa kwa mithkali za Waislamu, imetolewa kwa hofu ya mizinga, leo imekaa Lisbon ikiwa na Mitume 12. Chombo chenye safari ndefu kama hiyo mimi sijakiona kingine.

#5 MzaliwaMasoko

Belém, kama nilivyoahidi.

Panda tramu namba 15 upande wa mto, ukiwa na mto Tejo mkono wa kushoto. Unashuka mbele ya Monasteri ya Jerónimos. Ni jengo refu la mawe meupe ya chokaa ambayo wenyewe huyaita lioz, na jua la jioni likiyapiga yanageuka rangi ya asali. Ujenzi ulianza 1501 chini ya fundi mkuu Diogo de Boitaca, wakapokezana mafundi wengine, ikachukua kama miaka 100. Fedha zilitoka kwenye kodi maalumu, sehemu ya 20 ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki. Wareno waliiita kodi ya pilipili, kwa maana ya pilipili manga.

Hapo zamani palikuwa na kikanisa kidogo cha mabaharia, na Da Gama na watu wake walikesha humo wakisali kabla ya kung'oa nanga Julai 1497. Monasteri ikajengwa palepale. Na ile monstransi ya dhahabu Manuel aliiachia nyumba hii kwa wosia wake, ndiyo maana inaitwa ya Belém.

Ingia kanisani. Nguzo ni nyembamba, zinapanda juu sana halafu zinatawanyika matawi kwenye dari. Wataalamu wana maneno yao, mimi niliona shamba la minazi lililogeuka jiwe. Zitazame kwa karibu: zimechongwa kuanzia chini hadi juu, hakuna pa kuweka kiganja bila kugusa jani au uso wa mtu. Katika jengo zima utaona kamba za merikebu zilizochongwa kwenye jiwe, zimefungwa mafundo kama za jahazi kweli. Mtindo huu umepewa jina la mfalme huyohuyo, Manuel.

Mkono wa kushoto ukiingia tu, Vasco da Gama mwenyewe amelala kwenye jeneza la jiwe, mikono imekutanishwa kwa sala. Alikufa Kochi, India, 1524, na mifupa yake ikaletwa hapa 1880. Upande wa pili ni mshairi wao mkubwa Camões. Watu wanapiga picha na kupita. Mimi nilikaa pale karibu nusu saa. Nilimfikiria Amiri Ibrahim, ambaye kaburi lake hatuna wa kutuonyesha.

Mbele, karibu na altare, majeneza ya Manuel na jamaa zake yamebebwa na tembo wa marumaru. Tembo! Kila kitu hapa kinakwambia utajiri ulitoka upande upi wa dunia. Halafu toka uende ua wa ndani, wenye baraza za ghorofa mbili pande zote nne. Ukiwa na muda wa kuona kitu kimoja tu Belém, kiwe ua huo.

Mnara wenyewe uko mbele zaidi, unaingia majini. Ulijengwa kati ya 1514 na 1519 au 1520, kazi ya Francisco de Arruda, kulinda mlango wa mto. Pamoja na monasteri umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1983. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tuliingia 1981, miaka miwili mbele yao. Ukiuzunguka utafute, chini ya kijumba kimoja cha walinzi, kichwa cha faru kilichochongwa. Faru huyo alikuwa hai: sultani wa Gujarat alimtoa zawadi, akafikishwa Lisbon Mei 1515. Baadaye mfalme akamtuma kwa Papa, merikebu ikazama pwani ya Italia naye akafa ndani. Upepo na chumvi vimemla uso, lakini umbo bado linatambulika.

Kuna pia mnara mpya wa wasafiri wa baharini, Padrão dos Descobrimentos, umbo la merikebu lenye sanamu 33 za watu. Ulijengwa wa muda mwaka 1940 kwa maonyesho ya utawala wa dikteta Salazar, ukajengwa wa kudumu 1960. Chini yake kuna ramani ya dunia ya marumaru iliyozungukwa na dira yenye upana wa mita 50, zawadi ya serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Mimi haunivuti. Ukitoka kuutazama ua wa monasteri, saruji ile ya kujisifu inakuwa nzito machoni.

Usiondoke bila kula pastel, kile kikeki cha mayai na maziwa kinachookwa karibu na monasteri tangu 1837. Kiwe cha moto, kinyunyizie mdalasini.

#6 Dada wa Chumbageni

Kaka, asante, umenifanya nisome kama niko huko. Ngoja nami nilete la Tanga. Merikebu za Da Gama zilikuwa tatu za safari na moja ya chakula. Moja ya zile tatu iliitwa São Rafael. Aprili 1498 ilipanda mwamba upande wa Mtangata, pale Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, kusini ya Tanga mjini. Waliinasua. Lakini Januari 1499 wakiwa wanarudi kutoka India, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye na wa kuendesha merikebu zote hawakutosha. Wakaichoma São Rafael hapohapo Mtangata. Babu zangu ni watu wa Tongoni, na mwamba huo wavuvi wanavua juu yake mpaka leo. Je, huko Lisbon kuna chochote kilichobaki cha merikebu hiyo?

#7 MzaliwaMasoko

Dada, kipo! Na mimi nilikipita mara mbili bila kujua ninachokitazama.

Upande wa magharibi wa monasteri hiyohiyo kuna makumbusho ya bahari, Museu de Marinha. Humo kuna sanamu ya mbao ya Malaika Rafaeli iliyokuwa ndani ya merikebu ile. Walipoichoma waliiokoa. Si kubwa wala haina makeke. Ukiwa na haraka macho yanaikimbilia mitumbwi ya kifalme iliyopakwa dhahabu. Sasa kwa ulivyotueleza, hicho ni kitu kilichoiona Tongoni moto ukiwaka. Nikienda tena nitasimama mbele yake kwa niaba yako.

#8 kijana_Kisauni

Na sisi tusisahaulike. Kule Malindi nguzo ya Vasco da Gama iko hadi wa leo, na msalaba ulio juu yake umechongwa kwa jiwe la Lisbon. Kwa hiyo mkuu, hayo mawe meupe unayoyasifu, kipande kimoja kiko kwetu kinapigwa na upepo wa kusi. Malindi waliwapokea Wareno kwa wema na kuwapa rubani wa kuwavusha hadi Calicut. Mombasa tulikataa. Agosti 1505 Almeida, kamanda wa Wareno, akaja akauchoma mji wetu.

#9 Mkongwe_Ilala

Na kabla ya Mombasa alianza na Kilwa, Julai mwaka huohuo wa 1505. Akauteka mji na kujenga ngome. Zingatieni tarehe: walipoiteka Kilwa, sonara alikuwa bado anaifua dhahabu ya Kilwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mleta uzi. Unatupeleka kuyastaajabia majengo yaliyojengwa kwa jasho na damu ya wazee wetu. Tunalipa kiingilio kuona mali yetu wenyewe! Mimi nasema monstransi hiyo ni haki yetu kuidai irudi, na mpaka hapo watu wetu wasipeleke senti yao pale.

#10 Dada wa Chumbageni

Mzee, uchungu wako ni wetu sote, lakini kususa simo. Tusipokwenda, nani atawauliza? Na dhahabu irudi katika umbo gani? Ni chombo cha ibada cha Wakristo, kimetengenezwa na fundi wao. Dhahabu ni yetu, mkono ni wao. Sioni njia nyepesi hapo.

#11 MzaliwaMasoko

Nimewasoma wote wawili, na usiku sikulala vizuri kwa ajili ya jambo hili.

Mzee Mkongwe, msimamo wangu ni huu. Kwenda kutazama si kusifu wizi. Nilikua nikivuka kwa mashua kwenda Kisiwani, nikicheza ndani ya Msikiti Mkuu, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba dhahabu ya mji ule ninaweza kuiona kwa macho yangu, imeandikwa jina. Niliisoma kwa Kireno nikiwa mtu mzima. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kiingilio. Kwanza nataka watoto wa Kilwa waijue. Nataka picha yake kubwa na maelezo yake kwa Kiswahili yawekwe Kilwa, na nataka pale Lisbon habari za Amiri Ibrahim na mizinga zielezwe waziwazi kama zinavyoelezwa sifa za sonara. La kurudishwa, mzee wangu, mimi silikatai. Nasema tu kwamba anayedai awe ameiona na kuijua anayoidai.

Tuendelee na mji wenyewe, maana bado hatujatoka Belém.

#12 MzaliwaMasoko

Katikati ya mji, nenda Praça do Comércio, uwanja mkubwa ulio wazi upande wa mto. Wazee wa hapa bado wanauita Terreiro do Paço, uwanja wa kasri, ingawa kasri halipo. Lilikuwepo, na pamoja nalo Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Afrika na Mashariki. Msimamizi wake mmoja, João de Barros, ndiye aliyeandika orodha ya wafalme wa Kilwa na kuichapisha 1552. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya masultani wetu imepita kwenye kalamu ya karani wa uwanja huu.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ilitikisika. Waliokimbilia uwanja wa mtoni wakakutwa na tsunami, na waliobaki mjini wakakutwa na moto uliowaka siku kadhaa. Walikufa makumi ya maelfu. Kasri likaenda, Casa da Índia ikaenda na nyaraka zake. Huwa nawaza zilikuwamo barua gani za pwani yetu.

Mitaa iliyonyooka unayoiona leo nyuma ya uwanja, Baixa, ilijengwa upya na Marquês de Pombal, waziri wa mfalme. Ndani ya kuta za nyumba zile kuna fremu ya mbao iliyofumwa kama tundu la ndege, na wenyewe wanaiita hivyo hivyo, gaiola, tundu. Ilibuniwa ili nyumba iyumbe bila kuanguka. Inasimuliwa kwamba waliijaribu kwa kuwapanga askari kandokando yake wakanyage kwa kishindo kwa pamoja.

Ukitaka kuona tetemeko lenyewe, panda hadi Carmo. Ni kanisa la mwisho wa karne ya 14 ambalo paa lilianguka siku ile na halikurudishwa. Matao yamebaki peke yake, na juu yake ni mbingu. Nilifika mvua imetoka kunyesha, maji yanadondoka kutoka kwenye mawe na majani yameota katikati ya sakafu. Nikakumbuka nyumbani, Husuni Kubwa baada ya masika.

Mbele ya magofu hayo kuna kiwanja kidogo chenye miti, Largo do Carmo. Watu wanakunywa kahawa bila haraka. Tarehe 25 Aprili 1974 kiwanja hiki kilijaa magari ya deraya na watu, kwa sababu Waziri Mkuu Marcelo Caetano alikuwa amejificha ndani ya kambi ya askari iliyo pembeni. Jioni akasalimu amri. Raia wakawatilia askari maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki. Maafisa walioipindua serikali ile walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji.

Watanzania wenzangu, hapo msipite kama wageni. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Lile daraja jekundu juu ya mto Tejo lilifunguliwa 1966 kwa jina la Salazar, na leo linaitwa 25 de Abril. Kubadilika kwa jina lile kuna mkono wa kwetu.

#13 Binti_Nachingwea

Kaka, umenigusa. Marehemu babu yangu alikuwa akipeleka muhogo na korosho karibu na kambi ya wapiganaji. Alikuwa akisema vijana wale wakipita usiku kwenda mtoni Ruvuma walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini. Wengine hawakurudi. Hakuwahi kujua kwamba kuna kiwanja Lisbon ambacho kilikuwa mwisho wa hadithi aliyoiona mwanzo wake. Kiandike tena jina lake nilihifadhi.

#14 MzaliwaMasoko

Largo do Carmo, dada. L-a-r-g-o.

#15 kijana_Kisauni

Na Waislamu? Walikuwepo huko kabla ya hao wafalme, au siyo?

#16 MzaliwaMasoko

Walikuwepo zaidi ya miaka 400. Mji uliitwa al-Ushbuna. Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliuteka 1147 kwa msaada wa askari wa msalaba waliokuwa njiani, na kanisa kuu, Sé, likajengwa mahali pa msikiti. Ngome iliyo juu ya kilima, Castelo de São Jorge, ni ya Waislamu kwa asili. Kutoka juu unaona mapaa yote mekundu hadi mtoni, nenda jua likikaribia kuzama. Chini yake mtaa wa Alfama bado una vichochoro ambavyo mtu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hatapotea: vyembamba, vinapinda, ngazi zinatokea mlangoni mwa mtu. Jina ni la Kiarabu, asili yake moja na hamamu.

Jirani na Sé kuna makumbusho ya Aljube. Lilikuwa gereza la polisi wa siri wa Salazar, na Agostinho Neto wa Angola alifungwa humo. Aljube ni al-jubb, kisima. Mliosoma Surat Yusuf mnalijua neno hilo, ndugu zake walimtupa humo. Vile vyumba vya kufungia vilivyobaki, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.

Wanaotaka kusali, Msikiti Mkuu wa Lisbon ulifunguliwa 1985, na waumini wengi wana asili ya Msumbiji. Nilisikia Kiswahili mlangoni Ijumaa yangu ya kwanza.

Maneno yatakufuata mjini kote. Hotelini meza ni *mesa*, bendera ni *bandeira*, leso ni *lenço*, mvinyo ni *vinho*. Na kila kanisa lina kibao *igreja*. Ndiyo gereza letu hilo. Wareno walijenga ngome na kanisa ndani yake, sisi tukalichukua neno, ngome zikaja kuwa mahabusu. Nilipokiona kibao kile mara ya kwanza nilisimama barabarani. Wao wanasoma nyumba ya Mungu, mimi nasoma kufuli.

Mahali pa mwisho ninapowapeleka wageni wangu ni kanisa la São Domingos, karibu na Rossio. Nje halivutii. Ndani liliungua 1959, wakaliezeka bila kuficha majeraha: nguzo zimemeguka, kuta zina rangi ya moshi. Hapo ndipo yalipoanzia mauaji ya Wayahudi Aprili 1506, watu waliokuwa wamebatizwa kwa lazima, wakawindwa mitaani kwa siku tatu. 1506, mwaka uleule wa monstransi. Na hapo ndipo Waafrika wa Lisbon, watumwa na walioachwa huru, walipokuwa na undugu wao wa Rozari. Katikati ya karne ya 16 karibu mtu mmoja kati ya kumi hapa alikuwa mtumwa. Kuna mtaa unaitwa Poço dos Negros, kisima cha weusi. Manuel aliagiza 1515 lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa. Tramu namba 28 inapita jirani. (Humo chunga mfuko wako.) Leo kwenye kiwanja cha São Domingos akina mama wa Guinea-Bissau wanauza karanga na kola, wazee wamekaa wanazungumza. Nami hukaa nao.

#17 Binti_Nachingwea

Na Eusébio? Mume wangu ameniambia nisiufunge uzi bila kuuliza.

#18 MzaliwaMasoko

Mwambie shemeji yuko Panteão Nacional, kanisa jeupe lenye kuba upande wa Alfama, lililochukua karibu miaka 300 kukamilika. Mtoto wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, mabao 9 Kombe la Dunia la 1966. Alihamishiwa humo 2015. Ndani ya jengo hilohilo kuna kumbukumbu ya Vasco da Gama. Siku niliyokwenda mimi, maua yalikuwa kwa Eusébio.

#19 MzaliwaMasoko

Leo Jumanne, nimerudi Janelas Verdes kama nilivyoahidi.

Mzee Mkongwe, huna kosa kutoliona. Herufi ni za kale, maneno yamefupishwa, U imeandikwa kama V, na ili usome yote lazima uzunguke kioo polepole umeinama. Mlinzi alikuja kuniuliza ninafanya nini. Nikamwambia ninakotoka. Akanyamaza kidogo, akanionyesha upande jina lilipo.

Nimeandika hivi, kama yalivyo:

O MVITO ALTO PRICIPE E PODEROSO SEHOR REI DÕ MANVEL I A MDOV FAZER DO OVRO I DAS PARIAS DE QVILVA AQVABOV E CCCCCVI

Kwa Kiswahili changu: Mwana wa mfalme aliyetukuka sana na bwana mwenye nguvu, Mfalme Dom Manuel wa Kwanza, aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Ilikamilika 506, yaani 1506.

#20 Mkongwe_Ilala

Nimelisoma. QVILVA. Ahsante mwanangu. Nimelinakili kwenye karatasi, Jumapili nampelekea mjukuu wangu anayesoma historia.